Simu inakuuliza unajua nini, unajibu "sina"

Juzi pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, fundi mmoja wa injini za mitumbwi alinionyesha simu yake huku akicheka. Alikuwa amejaza programu ya kupanga masomo na kazi. Kwenye elimu aliandika "darasa la saba". Kwenye ujuzi, "sina". Programu ikamshauri atafute ulinzi au usafi. Mikono yake ilikuwa bado imelowa oili, ametoka kusafisha kabureta ya Yamaha ya farasi 15, na alipovuta kamba mara ya pili injini ikawaka.

Zana hizi, hata zile za akili mnemba, hufanya kazi moja: zinalinganisha ulichonacho na kinachodaiwa na kazi unayoitaka, kisha zinakuonyesha pengo na mafunzo ya kuliziba. Ukijaza "sina", pengo linakuwa upana wa ziwa.

Tukakalia kreti za soda, tukajaza upya. Nilimkataza kuandika "fundi" tu, maana hata anayekoroga zege ataandika hivyo. Aandike matendo: kubadili pistoni na ringi, kuchanganya petroli lita 50 kwa oili lita 1, kukadiria gharama kabla ya kufungua injini, kufundisha vijana wawili. Safari hii yakaja mapendekezo ya ufundi mitambo na matengenezo ya boti.

Ujuzi wa namna hiyo una mlango rasmi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: aliyejifunzia kazini anapimwa, anaonyeshwa anapopungukiwa, na akifaulu anapewa cheti. Kwa hapa kwetu, ulizia chuo chao cha Nyakato.

Utakutana pia na dodoso la "wewe ni mtu wa namna gani". Mengi yanatokana na John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1959 na kugawa watu katika mielekeo 6. Ni mazungumzo mazuri ya jioni. Lisikuchagulie maisha.

Linaloniudhi zaidi ni kalenda. Programu nyingi hukupangia dakika 30 kila siku, na mvuvi wa dagaa hana hiyo "kila siku". Wakati wa giza yuko ziwani na taa zake usiku kucha. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawazifuati taa vizuri, mitumbwi inakaa nchi kavu. Hizo ndizo siku zake za shule. Futa ukumbusho wa kila siku, weka wako uanze mwezi ukikaribia kuwa mpevu, na pakua masomo kabla hujavuka kwenda kisiwani.

Programu ya masomo haina haja na namba yako ya siri ya pesa za simu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ijaze kwenye mifumo rasmi tu, kama Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayekuahidi kazi ukishalipia fomu ni ndugu yake yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Tulipokuwa tunaagana, fundi wangu aliuliza kama kuogelea nako ni ujuzi. Tukakaa tena, tukaongeza.