Selimundu na malaria: kwa nini jeni hii haijatoweka?

Baba mzima, mama mzima. Mtoto ameupata wapi ugonjwa wa selimundu, ule wa kurithi wa seli nyekundu za damu?

Kwao wote wawili. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu: moja ya mama, nyingine ya baba. Nakala ya kawaida tunaiita A, ya selimundu S. Mwenye AS ni mbebaji tu, na wengi wao hawajijui mpaka wapimwe. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa, asilimia 50 AS na asilimia 25 AA.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosa alama. Asilimia 25 haina maana kwamba mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu upya. Na tuache kumnyooshea mama kidole: bila S ya baba, hakuna mtoto wa SS.

Kasoro yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Ni herufi moja tu ya DNA, kwenye kromosomu ya 11. Kwa sababu yake, asidi amino (kijenzi cha protini) ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini, ambayo ingekuwa glutamiki, inakuwa valini. Basi himoglobini ikishaachia oksijeni, hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na seli nyekundu hujipinda kama mundu. Seli hizo huziba mishipa midogo ya damu. Ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza mgonjwa usiku kucha, na kwa mtoto mdogo, viganja na nyayo kuvimba. Tena hazidumu: seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi siku 10 hadi 20. Damu hupungua daima.

Kama ina madhara hivi, mbona uteuzi asilia, yaani mazingira kuamua nani aishi na kuzaa, haujaiondoa?

Kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona jambo la ajabu alipopima damu za watu wa maeneo mbalimbali: wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu zenye baridi walikuwa haba. Ramani ya S ilifuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba watoto wenye AS wana kinga dhidi ya malaria. Wanaambukizwa, ila malaria kali huwapata kwa nadra. Hivyo katika maeneo hayo, wengi wenye AA walikufa kwa malaria, wenye SS kwa selimundu, na wenye AS wakaishi kuzaa na kuirithisha S.

Ina maana mwili ulijibadilisha ili kuishinda malaria?

Hapana, na jibu hilo lifutwe kwenye madaftari. Badiliko lilitokea kwa bahati tu; mazingira ndiyo yaliyoamua nani aishi. Marekani, ambako malaria ilitokomezwa kufikia 1951, S haimfai mbebaji kitu, lakini wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani bado wanairithi.

Mwenye SS naye ana kinga dhidi ya malaria?

La hasha. Malaria inaweza kumuua upesi, maana damu yake tayari ni pungufu. Alale ndani ya chandarua, atumie dawa za kinga alizoandikiwa, na homa yoyote imfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Mimi ni kundi A la damu. Si ndiyo AA?

Hayo ni mambo mawili tofauti, na wachumba wengi huyachanganya. Makundi A, B, AB na O hayasemi lolote kuhusu selimundu. Mkienda maabara, ombeni kipimo cha aina ya himoglobini, na mpimwe wote wawili.