Saikolojia tiba na ushauri nasaha: mwanafunzi anasomea nini hasa?

Nilipoanza mwaka wa kwanza, shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, aliniuliza kama nitakuwa daktari wa vichaa. Nikamjibu, "La, shangazi, ni saikolojia tiba na ushauri nasaha." Akacheka. "Ushauri? Kungwi yupo, shehe yupo, na mimi nipo!"

Nisimlaumu, jina lenyewe linapotosha. Humo mna matawi mawili. Saikolojia tiba inashughulika na maradhi ya akili: kuyapima, kuyatambua, na kuyatibu kwa mazungumzo na mazoezi ya kubadili fikra na mwenendo. Dawa huandika daktari wa magonjwa ya akili, ambaye kasomea udaktari kwanza. Kliniki ya mwanzo ya fani hii aliifungua mwanasaikolojia Lightner Witmer huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakishindwa masomo. Ushauri nasaha zaidi ni wa mtu asiye mgonjwa ila kaelemewa: kafiwa, kaachika, kapoteza kazi. Kwetu neno hili lilienea pamoja na upimaji wa virusi vya UKIMWI, ndiyo maana ukimwambia mtu akapate ushauri nasaha, wengine bado hushtuka.

Kumbe mshauri nasaha hatoi ushauri, angalau si kama wa shangazi. Kungwi anakwambia la kufanya; huyu anakusaidia ulione mwenyewe. Darasani tuliketi wawili tukitazamana, wa tatu akiandika. Mwenzangu akajifanya mke: "Siku hizi mume wangu anakula kwao." Nikadakia, "Mvumilie, dada." Mwalimu akanikatiza palepale. Ningesema tu, "Anakula kwao, wewe unabaki na chungu chako," halafu ninyamaze. Kunyamaza nako kunafundishwa, na kwa aliyekulia barazani ni kugumu kuliko takwimu. Njia hii ya kusikiliza ilipewa nguvu na mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, miaka ya 1940, na ndiye aliyezoesha watu kusema "mteja" badala ya "mgonjwa".

Takwimu zenyewe zipo, wala usizikimbie, kwa sababu vipimo vimejengwa juu yake. Dodoso moja maarufu la sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ila Tanga ni nadra mtu kukwambia ana sonona. Atasema ana mawazo, kichwa kizito, usingizi hauji. Pengine keshakunywa kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Alama peke yake haikwambii hayo, lazima umuulize, tena bila kumkunjia uso.

Siri ya mteja haitoki nje, isipokuwa kwa sababu nzito, kama vile anapokaribia kujidhuru au kumdhuru mwingine.

Shahada ya kwanza haikufanyi mtaalamu kamili wa tiba. Mara nyingi kazi hiyo hudai uzamili na mazoezi chini ya msimamizi. Kwa sasa mimi ni msaidizi wa kusikiliza, na shangazi kaanza kunitumia: juzi kazungumza saa nzima, nami nikasema maneno kama matano hivi.