Je, wajua kwa nini nyonga huuma hata ukigeukia ubavu wa pili?

Mamkubwa wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuwa na kitendawili. Akilalia ubavu wa kulia, nyonga ya kulia inamuuma. Hilo linaeleweka, ameikandamiza mwenyewe. Akigeuka akalalia kushoto, nyonga ile ile ya kulia, ambayo sasa iko juu na haijaguswa na kitu, bado inamuuma. Alfajiri akiamka kwenda kutia udhu, hatua tano sita za mwanzo anachechemea huku kashika ukuta wa ukumbi. Akifika uani mwendo umeshakaa sawa. Miezi saba hiyo.

“Baridi, mwanangu,” aliniambia. “Nyumba yetu hii sakafu yake haikauki.”

Mtu wa Tanga ukimwambia ugonjwa ni baridi hakubishii, maana masika ikiingia hapa unyevu huota hadi kwenye nguo zilizomo kabatini. Ila baridi haiwezi kutegua kitendawili kile. Baridi haijui kulia na kushoto.

Simama, teremsha kiganja ubavuni chini ya kiuno mpaka kikutane na kinundu kigumu. Huo ni mfupa wa paja, pale unapojitokeza nje kabla haujashuka kwenda gotini. Wengi tukisema “nyonga” huonyesha hapo, ingawa kiungo chenyewe kiko ndani zaidi, usawa wa kinena. Kwenye kinundu hicho ndiko zinakoshika kano, yaani nyuzi ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, za misuli miwili ya tako, ule wa kati na ule mdogo. Kazi kubwa ya misuli hiyo ni kuzuia fupanyonga lisiporomoke upande mmoja kila unapoinua mguu, na kutembea ni nini kama si kusimama kwa mguu mmoja mmoja kwa zamu? Misuli huvutia karibu na kiungo, uzito wa mwili hulemea kutoka mbali, kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi. Ndiyo maana katika hatua ya kawaida tu, ya kwenda sokoni Mgandini na kapu mkononi, kiungo cha nyonga hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili mzima.

Juu ya kano hizo umepita utando mrefu, mgumu, unaoshuka ubavuni mwa paja hadi chini kidogo ya goti. Mguu ukikaa wima chini ya nyonga yake, utando hautesi. Mguu ukivuka kuelekea upande wa mwenzake, utando hukaza na kuibana kano juu ya kinundu. Fikiria kamba ya katani iliyofunga jahazi na kupita juu ya ukingo wa gati. Mahali iliponyooka inadumu; pale inapopinda juu ya jiwe ndipo nyuzi zinapoanza kusimama moja moja.

Kitendawili kimeteguka basi, bila nyonga kuteguka. Mamkubwa akilalia kulia, godoro ndilo linaloibana kano kutoka nje. Akilalia kushoto, paja la kulia linaangukia mbele, goti linagusa kitanda, mguu umevuka, utando umekaza, na kano inabanwa usiku kucha bila kuguswa na chochote.

Madaktari nao walichukua muda kufika hapa. Kwa miaka mingi maumivu haya yaliitwa uvimbe wa kifuko cha ute, kile kijifuko laini kinachotenganisha mfupa na kano. Kisha watu wakaanza kutazama kwa altrasaundi. Uchunguzi mmoja wa wagonjwa 877, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kifuko kimevimba kwa mgonjwa mmoja tu kati ya watano, lakini nusu yao kano zilikuwa zimechakaa.

Na kwa nini akina mama? Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2007, kwa watu wa miaka 50 hadi 79, ulikuta maumivu haya ya ubavuni kwa takriban wanawake 24 katika kila 100, wakati wanaume hawakufika 9. Fupanyonga la mwanamke ni pana na sehemu ya mfupa inayoshikwa na kano ni ndogo kuliko ya mwanamume, hivyo mzigo hukusanyika mahali padogo. Halafu hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua, nayo ni miongoni mwa vitu vinavyozipa kano uhai.

Mimi huongeza la tatu, la kwetu pwani: jinsi tunavyokaa. Nilimtazama mamkubwa siku moja akikuna nazi. Kakaa juu ya kibao cha mbuzi, miguu yote miwili kaielekeza kushoto kwa stara, kanga kaibana katikati ya mapaja, kiwiliwili kakigeuza kulia kuufuata mkono. Nazi mbili, robo saa. Akamaliza, akaenda kukaa mkekani, miguu upande uleule. Mjukuu akalia, akambeba nyongani, akasimama kategemea mguu mmoja akiongea na jirani mlangoni. Jioni akapanda bodaboda kwenda Makorora kwenye shughuli, kakaa upande kwa ajili ya baibui. Siku nzima ile kano haikupata hata nusu saa ya kupumua. Hata kwenye swala, kikao cha tahiyatu ya mwisho huweka uzito kwenye tako la kushoto. Kwa mwenye nyonga ya kushoto mbovu hiyo ni adha ya kila siku, na sheria imemruhusu mgonjwa akae awezavyo, kiti kikiwemo.

Sasa, mtu akiumwa, ushauri wa kwanza anaopewa mtaani ni kupumzika, na wa pili ni kukandwa. Kwa maumivu haya yote mawili yana kasoro. Mkandaji hodari hutafuta mahali panapouma zaidi, na mahali hapo ni kinundu chenyewe. Akiminya kwa gumba na mafuta ya nazi, anaibana kano iliyochoka kubanwa. Kupumzika nako kunatuliza kwa siku chache, lakini kano si kidonda. Kano hujengwa na mzigo: chembe hai zilizomo ndani yake hutengeneza nyuzi mpya zinapohisi zinavutwa, na zisipovutwa hulegea. Anayelala wiki tatu huamka na kano dhaifu kuliko aliyolala nayo, siku ya kwanza ya kufua inamuuma, anarudi kitandani. Maumivu ya namna hii ni kama wanavyosema wenyewe kuhusu mji wetu: waja leo, kuondoka majaliwa.

Dawa yake ina mikono miwili. Mmoja ni kuacha kuibana kano; wa pili ni kuipa mzigo kwa kipimo. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililofanyika Brisbane na Melbourne, Australia, kwa watu 204 wa miaka 35 hadi 70, zaidi ya wanane kati ya kila kumi wakiwa wanawake. Kundi la kwanza lilifundishwa jinsi ya kukaa, kusimama na kulala, likafanya mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia kwa wiki nane. La pili lilichomwa sindano moja ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. La tatu lilipewa maelezo na kuambiwa lisubiri. Baada ya wiki nane, waliosema wamepata nafuu ya kweli walikuwa asilimia 77 kwenye mazoezi, 58 kwenye sindano, 29 kwa waliosubiri. Mwaka ulipokwisha: 79, 58 na 52. Ukitazama ukali wa maumivu peke yake, mwishoni mwa mwaka mazoezi na sindano havikupishana, kwa hiyo sindano si uongo. Ila walioona hali zao zimebadilika walikuwa wengi zaidi kwenye mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayana makeke. Mamkubwa alipoelekezwa na mtaalamu alitarajia mashine, akaambiwa aende na kanga. Analala chali juu ya mkeka, mto chini ya magoti. Kanga imekunjwa, imefungwa kuyazunguka mapaja yote mawili juu ya magoti, fundo pembeni. Kisha anasukuma magoti nje kana kwamba anataka kuichana, lakini polepole, nguvu kidogo, mapaja yasitembee. Anashikilia. Aliambiwa ahesabu sekunde, akaona saa inamchanganya, akachukua tasbihi: kila punje kwa utulivu, thelathini na tatu zikiisha anaachia. Ukimwangalia hivi huwezi kujua anafanya zoezi, ila mkono wako ukiuweka ubavuni mwake unasikia msuli umekuwa mgumu kama embe bichi.

Baada ya wiki mbili aliongezewa kuinua makalio akiwa chali, magoti yamekunjwa. Kisha kuinuka kitini na kuketi bila kushika kitu, uzito sawa miguu yote miwili, na hili lilimtoa jasho kuliko alivyodhani. Kisha kutembea kimbavumbavu kando ya ukuta, na mwisho kupanda na kushuka kidaraja cha mlangoni, mbele ya kioo kikubwa cha kabati alichomwomba kijana akisogeze, aone kama fupanyonga linabaki sawa au linazama upande mmoja. Mwanzoni lilizama. Alicheka akasema anatembea kama bata.

Kuna zoezi moja lenye sifa kubwa ambalo hapa ni kosa: kuvusha mguu unaouma juu ya mwenzake na kuuvuta ili “kunyoosha” ubavu. Linakaza utando ule ule juu ya kinundu kile kile. Ukishaelewa kamba na gati hutahitaji kukatazwa.

Kuhusu kiasi, hakimu ni usiku na asubuhi ya pili yake. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari. Lakini kama usiku huo umelala vibaya kuliko jana, au hatua za alfajiri zimekuwa nzito zaidi, mzigo ulizidi, punguza, usiache. Na mtu asitegemee wiki moja. Nyuzi za kano hujengeka taratibu, miezi mitatu ni hesabu ya kawaida.

Naona mkono wa kwanza, ule wa kuacha kubana, huwa tunaudharau kwa sababu hauna jasho. Mwaka huohuo wa 2018 jaribio jingine la Australia lilichukua wanawake 94 waliokwisha koma hedhi, wote wakapewa elimu ya kukaa na kulala. Nusu wakafanya mazoezi yaliyopangwa kwa ajili ya misuli ya tako, nusu wakafanya mepesi ya kujifanyisha tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwa ujumla hayakuachana. Mimi nasoma hapo kwamba mto kati ya magoti una uzito wake. Mamkubwa anautumia wa sufi, mrefu, unaoanzia magotini hadi vifundoni, maana ukiishia gotini mguu wa chini unaning'inia na paja linajikunja tena. Anakunia nazi kwenye kibao kilichoinuliwa juu ya matofali, miguu huku na huku, suruali chini ya gauni. Kuhusu bodaboda tulibishana sana. Nilimwambia kwa hesabu ya kano, mwanamke anayeendesha baskeli mwenyewe yuko salama kuliko anayekaa upande kwenye keria. Akanijibu, “Basi ninunulie baskeli.”

Yote haya ni ya maumivu ya ubavuni, kwenye kinundu. Kama panapouma ni kinena, na kuvaa kiatu au kukata kucha za mguu kumekuwa kazi, huenda ni gegedu la kiungo chenyewe, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, lililolika. Hata huko mazoezi yanasaidia, ila ni mengine. Binti mwenye selimundu (sikoseli) akianza kuumwa nyonga asingoje wala asifanye mazoezi ya kuelekezwa na jirani, kwa kuwa damu inaweza kuwa imekatika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na hilo linataka picha. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka akashindwa kukanyaga, au mwenye homa, au anayekonda bila sababu. Hapa Tanga hospitali ya Bombo ipo, au uanzie kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukaombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia baada ya kupimwa.

Wiki ya kumi na moja nilimkuta mamkubwa jikoni, anageuza vitumbua, kasimama miguu yote miwili chini, magoti wazi kidogo, kama askari aliyeambiwa alegee. Mjukuu alikuwa analia. “Mpe babu yake,” akasema bila kugeuka. “Babu hana nyonga mbovu.”