Maji yanayopotea Kenya sio yote yanamwagika barabarani

Kila ripoti ya WASREB, ile bodi inayosimamia huduma za maji Kenya, ikitoka watu wanashtuka, karibu nusu ya maji ya mabomba Kenya inapotea, asilimia kama 45 hivi, na kila mtu anawaza zile paipu zinazopasuka barabarani maji yanaruka juu. Hapana jamani. Ile hesabu ni ya maji yasiyolipiwa, kwa hiyo ndani yake kuna wanaojiunganishia kisirisiri, kuna mita zilizokwama au zinasoma chini, halafu ndio uvujaji wenyewe.

Na hata kwenye uvujaji, ile paipu kubwa iliyopasuka mara nyingi sio mbaya kuliko zote, maana kila mtu anaiona na inafungwa haraka. Chukua paipu inayomwaga lita 300 kwa dakika ikafungwa baada ya masaa 10, hapo zimeenda lita 180,000. Sasa kaufa kadogo chini ya ardhi kanakotoa lita 1 tu kwa dakika, hakuna anayekaona, miezi 6 kameshakula zaidi ya lita 259,000, na tundu kama hizo ziko nyingi sana kwenye maungio ya nyumba kwa nyumba.

Mgao nao unachangia, na hili linaniuma kweli, maji yakifungwa paipu inajaa hewa, yakifunguliwa presha inakuja kwa kishindo na maungio yanaachia. Tena paipu ikiwa tupu inavuta uchafu wa nje kupitia matundu yale yale.