"Dada nitukane tu nipungue": sikutukani

Wiki hii peke yake wateja watatu wameniambia "dada we nitukane tu, nikipata hasira ntapungua." Jamani, mi ni mtu wa lishe!

Hii dhana kwamba mnene akisemwa sana ndo atajirekebisha inanikera kuliko zote. Mnaiita kuambiana ukweli. Mtu anafika shughulini hata hajakaa, shangazi mtu anaropoka "heee, umekuwa bonge hivi, unakula nini", watu wanacheka na yeye anacheka, pilau anachota vijiko viwili mbele za watu alafu saa sita usiku yuko jikoni taa imezimwa anakula chapati tatu za baridi kasimama. Huyo nimempata kwangu. Kabla ya kupanda mizani alivua viatu, saa, bangili, mpaka hereni, akafumba macho. Ana sukari na miezi minane alikuwa hajaenda kupima, kisa mara ya mwisho alienda na mafua yake akarudishwa na hotuba ya kitambi. Sasa hiyo aibu imemtibu nini?

Uingereza walifuatilia watu 2,944 wa miaka 50 na kuendelea kwa muda wa miaka 4, matokeo yakatoka 2014: waliosema wanabaguliwa kwa ajili ya uzito waliongezeka karibu kilo 1 kwa wastani, wasiobaguliwa wakapungua kama gramu 700. Sawa, utafiti wa hivyo hauwezi kusema ubaguzi ndo ulionenepesha, ila aliyeona kwamba masimango yanapunguza mtu anioneshe wapi.

Alafu hapo hapo utasikia "kwahiyo tukijikubali si tutabweteka?" Hapana bana. Anayeuchukia mwili wake haendi kutembea, anaogopa kuangaliwa, anasubiri apungue kwanza ndo aanze mazoezi, na hasubiri mwezi, anasubiri miaka. Yule dada nilimwambia mizani tuiweke pembeni, baada ya chakula cha jioni atembee dakika 20 na dera lake hilo hilo, maana misuli ikifanya kazi muda ule inaitumia sukari iliyotoka kuingia kwenye damu. Ugali abaki nao, ukubwa wa ngumi yake, mboga zijaze nusu sahani (ushauri wangu kwa kila mtu, wateja wameshauchoka). Baada ya miezi mitatu sukari ikashuka, kilo zikapungua 3 tu, dera bado linamtosha vizuri na kliniki sasa anaenda mwenyewe bila kusukumwa.

Zingine fasta. Eti mwembamba ndo mzima: wembamba kibao wana presha na hawajui kwasababu hakuna shangazi wa kuwasema, kapimeni. Eti tabia inajengeka siku 21 ukishindwa basi we ni mvivu: London waliwafuatilia watu 96, wastani ukawa siku 66, kuna wa 18 na makadirio ya wengine yalifika 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu kwahiyo acheni kulia mkiruka Jumapili.

Na wale wa kujifunga nailoni tumboni ndo wakimbie, hayo ni maji yanatoka, ukinywa chupa mbili yamerudi yote na vipele juu.