Ripoti ya Kazi ya Kila Wiki: Mwajiri Anaruhusiwa Kudai Nini?

Tangu waajiri kadhaa waanze kudai ripoti ya kazi kila Ijumaa, wanaofika ofisi yetu ya kazi wanauliza swali lilelile: hivi hii ni halali? Wengi wanakuja na habari ya Marekani. Februari 2025, watumishi wa serikali kuu ya huko walipelekewa barua pepe siku ya Jumamosi wataje mambo matano waliyoyafanya wiki iliyopita, mwisho Jumatatu usiku, na Elon Musk, bilionea aliyekuwa mshauri wa Rais Trump, akatangaza kwamba asiyejibu atahesabiwa amejiuzulu. Shirika la upelelezi la FBI na baadhi ya wizara wakawaambia watu wao wasijibu kwanza. Agosti mwaka huohuo utaratibu ukafutwa. Sawa, lakini Tanzania Bara ina sheria yake.

Ndiyo, mwajiri anaweza kudai ripoti. Kugawa kazi na kufuatilia kama imefanyika ni mamlaka yake, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimkatazi kuuliza. Yule anayesema "mkataba wangu hautaji ripoti" akumbuke kuwa mkataba huo hautaji pia kupokea simu ya ofisi, na bado anaipokea.

Ugomvi unaanza ripoti inapogeuzwa fimbo. Kukataa kuandika ripoti uliyoagizwa kihalali ni suala la nidhamu. Kuandika ripoti ikaonekana umefanya kidogo ni suala la utendaji. Haya ni mambo mawili, na kila siku tunaletewa mafaili ambamo yamechanganywa kama mchele na chuya.

Kwenye nidhamu, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, lenye kanuni za utendaji bora kazini, linamtaka mwajiri achunguze kwanza, akupe tuhuma kwa lugha unayoielewa, akupe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kisha akuite kwenye kikao. Una haki ya kuingia na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kuchelewesha ripoti mara moja ni jambo la onyo, si la kufukuzwa.

Kwenye utendaji, maswali ni mengine. Kiwango kilikuwepo? Ulikijua? Kinafikika? Kwa nini hukukifikia? Ulielekezwa na kupewa nafasi ya kujirekebisha? Mtunza stoo mmoja alituletea daftari lake la kaunta. Wiki nzima, kwenye safu ya mzigo uliopokelewa, ameandika "hakuna", "hakuna", "hakuna". Lori lilikuwa limeharibika njiani. Bosi wake alisoma zile "hakuna" tano akamwandikia barua ya utendaji duni bila kumuuliza chochote. Barua ile haikuwa na miguu ya kusimamia. Lakini na yeye, maneno mawili tu, "lori halijafika", yangemwokolea nauli ya kuja kwetu. Andika kilichokwamisha kazi, na uandike ulimwarifu nani.

Sasa faini. Kuna ofisi zinakata shilingi 5,000 kwa kila ripoti iliyochelewa. Mshahara haukatwi kwa tangazo la ubaoni. Kifungu cha 28 cha Sheria hiyo ya Ajira ya 2004 kinataja makato yanayoruhusiwa: yaliyoelekezwa na sheria, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi likatwe. Bosi kukasirika hakumo.

Vilevile ripoti ni kazi, kwa hiyo iandikwe ndani ya saa za kazi, ambazo za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Ukiagizwa kuiandika nyumbani Jumapili usiku baada ya kumaliza saa zako, hizo ni saa za ziada, na saa za ziada zinahitaji makubaliano na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Na hili la kunyamaza kuhesabiwa kujiuzulu, limeanza kunakiliwa hapa kwenye matangazo ya ndani. Haliwezekani. Notisi ya kuvunja mkataba inatakiwa iwe ya maandishi, na kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Mwajiri anayekuondoa kwa sababu hukujibu meseji amekuachisha yeye, hukuacha wewe.

Aliyeachishwa ana siku 30 tu kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kujaza Fomu Namba 1. Migogoro mingine ni siku 60. Watu wanakuja mwezi wa nne baada ya kuachishwa, wakisema walikuwa wanasubiri bosi apoe. Sheria haisubiri bosi apoe. Watumishi wa umma wao humaliza kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma, hivyo wasianzie CMA.

Ukija ofisini lete mkataba, barua zote na nakala za ripoti zenyewe. Picha ya kundi la WhatsApp tunaipokea, ila ionyeshe tarehe na jina la aliyeandika, siyo "Boss Mkubwa" kama ulivyomhifadhi kwenye simu.