Dhana Potofu Kuhusu Maisha Baada ya Kustaafu

Dhana: Mwenye mafao ya kutosha hatapata shida ya kuzoea kustaafu.

Ukweli: Pensheni huziba pengo moja tu kati ya mengi yanayoachwa na kazi. Mwanasaikolojia Marie Jahoda, ambaye miaka ya 1930 alishiriki kuwachunguza wakazi wa Marienthal nchini Austria baada ya kiwanda chao kufungwa, alikuja kueleza kwamba ajira, mbali na mshahara, humpa mtu mambo matano: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo analoshirikiana na wenzake, hadhi katika jamii, na shughuli ya kudumu. Wakazi wale walikuwa na muda tele, lakini waliazima vitabu vichache kuliko zamani, na hata mwendo wao barabarani ulipungua kasi. Ni kweli kwamba wao walipoteza ajira wala hawakustaafu, tena umaskini uliwaelemea. Hata hivyo, orodha ya Jahoda inamfaa sana mstaafu, kwa kuwa inamwezesha kutambua ni kipi hasa anachokikosa. Aliyekuwa mwalimu anaweza kudhani kwamba anatamani darasa, kumbe anachokosa ni mazungumzo na walimu wenzake. Huyo hatasaidika sana kwa kufundisha masomo ya ziada akiwa peke yake nyumbani. Ndiyo maana naona kwamba ushauri wa kumwambia mstaafu atafute chochote cha kufanya haumtendei haki.

Dhana: Furaha ya miezi ya mwanzo ni dalili kwamba mtu ameshazoea.

Ukweli: Robert Atchley, mtaalamu wa sosholojia ya uzee, alieleza miaka ya 1970 kwamba kustaafu huweza kuanza na kipindi kinachofanana na fungate, kisha mtu akavunjika moyo pumziko linapogeuka kuwa jambo la kila siku, na baadaye akajipanga upya. Si kila mtu hupitia hatua hizo zote, wala kwa mfuatano huo. Familia inapaswa kulijua jambo hili, maana huzuni inayokuja muda mrefu baada ya sherehe ya kuagwa hudhaniwa kuwa uvivu au ukaidi. Ikidumu kwa majuma, usingizi na hamu ya chakula vikapotea, mstaafu anastahili kumwona daktari badala ya kuambiwa kwamba huo ndio uzee.

Dhana: Umri wa kustaafu huonyesha mwisho wa uwezo wa mtu.

Ukweli: Umri huo hupangwa na sheria. Ujerumani, chini ya mkuu wa serikali yake Otto von Bismarck, ilipopitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889 iliweka miaka 70, na mwaka 1916 ikashusha hadi 65.

Dhana: Lengo jipya sharti liwe kubwa, hasa biashara.

Ukweli: Kutia kiinua mgongo chote katika biashara usiyoijua ni hatari, kwa sababu mstaafu hana miaka mingi ya kufidia hasara. Kinachojenga ni wajibu wenye siku maalumu na watu wanaokungojea: kutunza hesabu za kikundi, kumwongoza kijana aliyeingia katika taaluma yako, au kujifunza lugha pamoja na wengine. Ni vyema wajibu huo uanze kabla ya siku ya mwisho kazini, wakati bado unaweza kuujaribu, ukaona haukufai, na ukachagua mwingine.